Dada Aliyebaki Digodigo

*Shangazi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Karatu, nimeolewa na nina watoto wawili. Kwetu ni Digodigo, tarafa ya Sale, na ndiko waliko baba na mama. Tumezaliwa watano. Kaka mkubwa yuko Dar es Salaam na ana kazi nzuri. Anayemfuata ni dada, ambaye alirudi nyumbani miaka sita iliyopita ndoa ilipomshinda. Anaishi na wazazi pamoja na mwanawe. Kisha mimi. Baada yangu yupo mdogo wetu anayeendesha Noah Arusha, na kitinda mimba ni mpishi kwenye kambi ya watalii Serengeti.*

*Mwaka jana mwezi wa nne mama alipata kiharusi. Upande wa kulia hauna nguvu, maneno yanatoka kwa shida, na hawezi kwenda chooni peke yake. Baba anakaribia miaka 80. Tulidhani ni uzee tu, lakini sasa anasahau vibaya. Anawaita wajukuu kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufa. Mara mbili ametoka usiku na jembe, akafungulia maji ya mfereji yaingie shambani kwetu, na zamu haikuwa yetu. Mara ya pili jirani nusura ampige. Wazee wamesema ikitokea tena tutatozwa mbuzi.*

*Kaka anataka wote wawili wahamie Dar. Baba ameapa hatoki Digodigo akiwa hai. Mimi natamani kumleta mama Karatu. Mume wangu hajakataa, ila naona uzito usoni mwake. Mdogo wetu wa Arusha anasema mama aachishwe vidonge vya presha, kwa kuwa amevimeza mwaka mzima na mkono haujarudi, na tayari ametafuta dawa ya mizizi. Kwenye kundi letu la WhatsApp tunagombana kila wiki, nani ametuma na nani hajatuma. Mwezi uliopita kaka aliandika kwamba dada hana haki ya kulalamika kwa sababu anakula shamba la baba bure. Dada hakujibu. Siku mbili baadaye alimwachia jirani wazee, akaenda kwa rafiki yake kijiji cha Sale, akakaa huko siku mbili. Alirudi. Anasema mgongo unamsumbua.*

*Shangazi, nifanye nini? Nimchukue mama? Na baba nimfanyeje? Usingizi umenipotea.*

*Mwalimu, Karatu*

Mwanangu, pole na mzigo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona mama kitandani, mara ya pili nikamwona baba gizani na jembe lake. Mara ya tatu jicho langu likanasa kwenye sentensi uliyoiandika karibu na mwisho, ukaipita kama mtu anayepita mlangoni pasipo kugonga: anasema mgongo unamsumbua. Baada ya hapo umeniuliza kuhusu mama, ukaniuliza kuhusu baba. Kuhusu dada hukuuliza kitu. Turudi mlangoni hapo kwanza.

Mtu aliyepooza upande mmoja huinuliwa mara ngapi kwa siku? Asubuhi kutoka kitandani. Kwenda chooni na kurudi, mara nne au tano. Kuoga. Kukaa jua linapopanda, kuhamishiwa kivulini likizidi. Kula, kulala, na usiku akitaka kujisaidia kuamka tena. Dada yako amefanya hivyo kwa mwaka na zaidi, huku akipika, akifua, akilima, akimlea mwanawe, na sikio moja likiwa mlangoni usiku kucha baba asitoke. Siku mgongo huo utakapogoma, mipango yenu yote, ya Dar, ya Karatu na ya WhatsApp, itakwisha asubuhi hiyo hiyo. Hela ya simu haina mikono.

Na zile siku mbili alizokwenda Sale, msizihesabu kuwa ni kuwatelekeza wazazi. Mtu aliyeelemewa aliomba kupumua, akamtafutia mgonjwa mtu wa kumshika, kisha akarudi. Kaka yenu aambiwe hivyo, na aambiwe kwa heshima, na mtu anayeweza kumwambia. Aambiwe pia ajaribu kumtafuta mfanyakazi wa kulala hapo Digodigo, wa mchana na usiku, bila Jumapili, wa kumwosha mgonjwa na kumlinda mzee anayetanga gizani, halafu asikie bei atakayotajiwa. Hapo ndipo ataelewa chakula cha shamba la baba kinanunua nini.

Mwanangu, nyie mmezaliwa mahali ambapo kugawana kitu kichache ni elimu ya kale. Robert Gray, mtafiti aliyekaa na Watemi wa kwenu miaka ya 1950 na ambaye kitabu chake kuhusu Wasonjo, kama wengine wanavyowaita, kilitoka mwaka 1963, alieleza jinsi mamlaka ya wenamiji, wale wazee wa maji, yalivyosimama juu ya kugawa maji ya mifereji. Wewe huhitaji kitabu kulijua hilo. Unajua kwamba kwenye mfereji hakuna anayesema nitamwagilia nikipata nafasi. Kila shamba lina saa yake, na asiyefika kwenye saa yake anajua. Kusafisha mfereji ni kazi ya wote, hata wa shamba la mwisho kabisa. Sasa tazama kwenu: mzigo wa wazazi wawili mmeuacha uende kama maji yasiyo na zamu, na yamemkuta aliye bondeni.

Pangeni zamu, na mzipange kwa kufuata kazi halisi ya kila mmoja. Wewe ni mwalimu. Una likizo ya mwezi wa sita na ya mwezi wa kumi na mbili. Nenda Digodigo na watoto wako, kaa wiki tatu, na dada aondoke. Namaanisha aondoke kweli, asibaki akikuelekeza kutoka jikoni. Kitinda mimba yuko kambini, na kambi nyingi za Serengeti hupunguza kazi au kufungwa masika, Aprili na Mei. Miezi hiyo ni yake. Tena ni mpishi. Mama anahitaji chakula laini kisicho na chumvi nyingi, na hapo hakuna mjuzi kumzidi. Mwanamume kumwosha mamaye ni jambo zito kwa mila zetu, nalijua, basi wakati wake atafutwe mama jirani wa kuja asubuhi na jioni kwa kazi hiyo moja na alipwe. Mwenye Noah abebe safari zote za hospitali, kupanga tarehe, kuleta na kurudisha. Lami ya kilomita 49 kati ya Wasso na Sale imewarahisishia sana safari ambayo wazazi wenu waliifanya kwa mifupa kugongana.

Kaka mkubwa hawezi kuja mara kwa mara, na si kosa lake kwamba Dar iko mbali. Zamu yake iwe fedha, lakini iwe na tarehe na kiasi kama kodi ya nyumba, na iingie kwenye simu ya dada moja kwa moja. Humo ndani liwemo fungu la dada mwenyewe, lisilotolewa hesabu ya sabuni wala ya mafuta ya taa. Ndugu wengi huona haya kumlipa ndugu kwa kumlea mama. Mimi naona haya zaidi kumwona mwanamke wa miaka arobaini akiomba nauli kwa mdogo wake.

Lakini kabla ya yote hayo, kuna watu wawili ambao hamjawauliza. Kwenye barua yako baba ameapa na mama yuko kimya. Hapa nitakusimulia jambo langu, ujue siongei kutoka kwenye kiti.

Mwaka 2011 baba yangu alikuwa amelazwa, kisukari kimemharibu figo. Ulikuwa mwaka wa kikombe. Unakumbuka, ulikuwa binti: magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea Samunge, jirani zenu kabisa, watu kwenda kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, shilingi 500 kwa kikombe cha dawa ya mugariga. Sisi watoto sita tulikutana kwenye korido nje ya wodi. Tukajadili gari, mafuta, nani aandamane naye, nani amweleze daktari. Tulijadili karibu saa mbili, na baba alikuwa upande wa pili wa ukuta, macho, akili timamu. Hakuna aliyeingia kumuuliza. Tulimpakia. Akavumilia vumbi na foleni siku tatu, akanywa, akashukuru kwa adabu yake ile ile. Tukiwa njiani kurudi, tumesimama Engaruka kujaza maji, akaniambia: mngeniuliza, ningewaambia nataka kukaa kibarazani kwangu. Alifariki baada ya wiki sita. Kikombe sikilaumu, wala mchungaji, ambaye naye ametangulia mbele za haki mwaka 2021. Nawalaumu watu sita waliokaa kwenye korido, na mmoja wao anakuandikia hapa.

Kwa hiyo kikao chenu kifanyike Digodigo, wazazi wakiwa wamekaa katikati, asubuhi ambapo kichwa cha baba huwa na mwanga zaidi. Wewe huwezi kuwaita kaka zako wakaitika, najua ilivyo. Mtafute baba mdogo, au mzee wa rika la baba anayeheshimika, yeye ndiye aite. Anza na mama. Maneno yanamtoka kwa shida, lakini kiharusi kinachoziba ulimi hakizibi akili kila mara. Mwulizeni maswali ya ndiyo na hapana, mumpe muda, na asiwepo mtu wa kumalizia sentensi. Anataka kukaa wapi? Anataka nani amwoshe? Anaogopa nini? Kisha dada aulizwe, naye kama mtu anayeweza kukataa. Huenda akasema hataki tena. Akisema hivyo mlipokee, mpange upya bila kumwita mbaya. Nadhani hatasema, lakini swali lenye jibu moja tu halina haja ya kuulizwa.

Nimchukue mama, umeniuliza. Jibu langu kwa sasa ni hapana. Baba anayepoteza kumbukumbu ameshikiliwa na vitu vitatu anavyovijua bado: nyumba, njia ya shambani na mke wake. Ukimwondoa mke, usiku utakaofuata atatoka kumtafuta. Na Dar ndiyo kabisa. Mtu wa hali yake akihamishiwa chumba asichokijua huchanganyikiwa maradufu, na atafungua geti la kaka yako akidhani anakwenda mferejini. Karatu nako, mwezi wa sita na wa saba unajua baridi yake. Mama anaweza kuja kwako wiki mbili kwa ajili ya mazoezi ya viungo hospitalini akitaka mwenyewe, na mume wako umwambie ni wiki mbili, uone kama uzito ule usoni utabaki. Wanaume wengi huogopa jambo lisilo na mwisho kuliko jambo lenyewe. Hata hivyo uamuzi huu si wa milele. Mama akizidiwa, dada akishindwa, au baba akianza kupotelea porini, mtakaa tena na mtahama bila mtu kumwambia mwenzake nilisema.

Sasa baba. Anachokifanya si ujeuri wala wizi wa maji. Ugonjwa wa kusahau, madaktari huuita dimenshia, hula kumbukumbu za karibu na kuacha za zamani. Huenda maji anayoyafungulia usiku ni zamu yake ya miaka mingi iliyopita, alipokuwa kijana anayeaminika kulinda mfereji gizani. Kwake yeye anawahi kazini. Wala hayuko peke yake. Wilayani Hai, kule Kilimanjaro, watafiti walizunguka vijijini wakiwapima watu wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta karibu 6 kati ya kila 100 wana ugonjwa huu. Ila msijitabirie wenyewe. Kuna mambo mengine yanayoweza kumvuruga mzee akili na yanatibika: maambukizi ya mkojo, malaria, upungufu wa damu au wa vitamini, dawa zinazogombana, huzuni, hata pigo la kichwa la miezi iliyopita lililovujisha damu taratibu. Masikio yaliyoziba na macho yenye mtoto wa jicho pia humfanya mtu aonekane amepotea. Apelekwe hospitali ya Wasso apimwe, na dada aende naye kwa sababu yeye ndiye anayejua kilianza lini na kinazidi saa ngapi.

Kisha nendeni kwa wazee wa maji kabla hawajawaita. Msisubiri mbuzi. Kaka mkubwa, au baba mdogo kwa niaba yake, akae mbele ya wenamiji na jirani yule, aombe radhi kwa mara mbili zile, aeleze kwamba mzee ni mgonjwa, na aombe jambo moja: atakayemkuta mferejini usiku asimfokee wala asimguse kwa nguvu, amshike mkono na kumwambia mzee zamu imekwisha, twende nyumbani. Nina imani kubwa na baraza la wazee katika jambo hili. Wengi wao wanamfahamu baba tangu akiwa kijana, na kila mmoja anajua kwamba kesho inaweza kuwa yeye. Faini ikibaki palepale, ilipeni. Jirani alipoteza maji kweli.

Nyumbani msibishane naye. Ukimwambia ndugu yako alikufa mwaka fulani, utamwua ndugu yule upya kila asubuhi, na machozi yatakuwa mapya kila mara. Mwulize habari zake, atakusimulia. Apewe kazi ya mchana inayofanana na ile ya usiku: alasiri mjukuu amshike mkono wakaukague mfereji, warudi wamechoka. Jembe lisilale alipozoea kuliweka. Mlangoni fungeni kengele ya mbuzi, ili dada alale akijua italia, na mlango msiufunge kwa kufuli kutoka nje, kwa sababu ya moto. Taa ndogo ya sola iachwe ikiwaka kuelekea chooni. Mwandikieni namba ya simu ya dada kwenye kitambaa kishonewe ndani ya koti lake.

Kuhusu vidonge vya mama nasema kwa ukali: visiachwe. Mdogo wako ana uchungu na mkono wa mama, ndiyo maana anahangaika, lakini amevielewa vibaya vidonge. Vile havirudishi mkono. Kazi yake ni kuzuia kiharusi cha pili, ambacho mara nyingi huwa kibaya kuliko cha kwanza, na presha ikishuka maana yake vinafanya kazi, si kwamba imepona. Mkono unarudishwa, kwa kadiri utakavyorudi, na mazoezi ya kila siku. Mwaka ule wa kikombe wapo walioweka dawa zao chini wakiamini wamepona, na nyumba nyingi zinajua kilichofuata. Dawa ya mizizi ikaguliwe na mganga wa hospitali kabla haijaingia kinywani, kwa kuwa baadhi huchokoza figo na baadhi hupandisha au kuangusha presha. Nunueni kipimo cha presha cha mkononi, mjukuu anayesoma ajifunze kuandika namba kwenye daftari, na daftari hilo liende naye kila kliniki. Mdomo ukienda upande ghafla, mkono ukilegea zaidi, au maneno yakikatika kabisa, hakuna kusubiri asubuhi.

Mama anapokula na anapolala kuna mambo madogo yanayookoa. Alishwe akiwa amekaa wima, kijiko kidogo, uji mzito kiasi badala ya maji matupu kama anapaliwa, na asilazwe mpaka nusu saa ipite; chakula kinachoingia mapafuni huua wagonjwa wa kiharusi kimyakimya. Akiwa kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili. Visigino, nyonga na makalio vikaguliwe kila siku wakati wa kuoga, na wekundu usioondoka ukibonyezwa ni kidonda kinachobisha hodi.

Na mgongo wa dada. Asimvute mama kwa mkono uliopooza kamwe, bega litachomoka. Afunge kanga kiunoni mwa mama, ikazwe vizuri, hiyo ndiyo iwe mpini. Mama asogezwe mpaka ukingoni mwa kitanda, miguu ikanyage chini. Dada asimame karibu kabisa, magoti yake yakikinga goti dhaifu la mama, akunje magoti na sio kiuno, wahesabu pamoja mpaka tatu, na mama asukume kwa mguu wake mzima. Kitanda kikiwa chini sana, kinyanyuliwe kwa matofali manne. Choo cha shimo kisimtese: chukueni kiti cha plastiki imara, mtoboe tundu katikati, mlainishe kingo, kiwekwe juu ya shimo, na kamba au mti wa kushika upande wa kushoto. Fundi atamaliza kwa siku moja. Hiki kiti, kuliko ushauri wangu wote, ndicho ningependa kusikia kimewekwa wiki ijayo.

Fedha nitazisema kwa kifupi. Wewe ni mtumishi wa umma. Kwa utaratibu tuliouzoea, mwanachama wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, anaandikisha mwenza na wategemezi wanne, na wazazi wanaweza kuwa miongoni mwao. Una watoto wawili. Nafasi mbili zilizobaki je, ziko wazi? Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023 na taratibu zinabadilika, hivyo anza kwa afisa utumishi wa halmashauri wiki hii. Pamoja na hilo, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na inataka wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Mwenyekiti wa kijiji na afisa ustawi wa jamii ndio wa kuwaona kuhusu kitambulisho cha matibabu ya wazee. Zanzibar, tangu mwaka 2016, kila mzee aliyefika miaka 70 ana pensheni ya serikali hata kama hakuwahi kuajiriwa. Huku bara mkulima wa Digodigo hana. Pengo hilo mnaliziba nyinyi watano kwa mifuko yenu, na nadhani linachangia ugomvi wenu kuliko tabia ya yeyote kati yenu. Kumbuka hilo utakapomkasirikia kaka.

Limebaki moja, na ni gumu. Wazazi wakiondoka, dada atakaa wapi? Amerudi kutoka kwenye ndoa, ana mtoto, ujana wake unaishia kwenye nyumba ambayo kaka mmoja tayari ameshaandika kwamba anaila bure. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Lakini sheria ikiwa Dodoma na mdomo wa baba ukiwa umefungwa, ukoo utasikiliza mazoea. Daktari akithibitisha kwamba baba bado anaelewa anachokisema, basi asubuhi moja mbele ya wazee, mama akiwepo, aulizwe anataka nyumba na kipande kipi kiwe cha binti yake. Kiandikwe, mashahidi watie saini, nakala moja ikae serikali ya kijiji. Msimlishe maneno. Akisema tofauti na mnavyotaka, ni vyake. Ila msingoje, kwa maana kila mwezi unaopita unakula sehemu ya uwezo wake wa kujibu, na baada ya hapo karatasi yoyote itabishaniwa. Ikiwa kaka zako watauliza kwa nini jambo hili limeletwa sasa, waambie aliyelileta ni mimi.

Mwalimu, jioni ukimaliza kusahihisha madaftari, mpigie dada. Usianze na mama anaendeleaje; swali hilo analijibu mara tano kwa siku. Muulize mgongo unauma sehemu gani, juu au chini, na kama maumivu yanashuka mguuni au kuna ganzi. Ukisikia yanashuka mguuni, mdogo wenu na Noah yake wana safari ya Wasso Jumatatu, na mgonjwa wa kwanza kupanda awe yeye. Nani atabaki na wazazi siku hiyo, hilo ndilo la kwanza kuandika kwenye kundi lenu.